Namna ya kumpa mtu albamu ya roki akaisikiliza mpaka mwisho

Mpe moja tu. Albamu moja, nzima, nyimbo zikiwa kwenye mpangilio wake, pamoja na sababu ya kumpa yeye hiyo na si nyingine. Sisi wapenzi wa roki tuna kiherehere. Mtu akisema tu kwamba kakipenda kipande fulani cha gitaa, tunamjazia flashi nzima, bendi arobaini kwa mkupuo, halafu mwezi unapita hajasema kitu na tunaanza kumlaumu kwamba hana sikio. Sikio analo. Kafungua folda, kaona majina asiyoyajua yamejipanga kuanzia A mpaka Z, hakujua aanzie wapi, akarudi kwenye nyimbo zake.

Mimi nina steshenari Nyegezi, upande wa kuelekea Malimbe kiliko Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Nachapa, natoa kopi, nabaindi ripoti za wanachuo. Printa ikiwa kazini mteja hana la kufanya ila kusubiri, na akisubiri anasikia kinachopigwa hapo kaunta. Ndivyo nilivyoanza kugawa albamu: mtu anainua kichwa kutoka kwenye simu, anauliza, "Dada, hawa ni akina nani?" Kwa hapa Mwanza swali hilo lina uzito, kwa sababu roki haikufuati mtaani. Daladala zinapiga bongo fleva, baa zina singeli na dansi la Kikongo, Jumapili ni ya kwaya. Karibu kila mtu ninayemjua hapa mjini anayeipenda roki aliletewa na mtu mwingine, mkono kwa mkono. Kwa hiyo ukiulizwa, usijibu kwa haraka.

Anza na sikio lake

Kabla ya kutaja bendi yoyote, muulize anachokipenda sasa hivi, hata kama hakina uhusiano wowote na roki. Swali la "unapenda muziki gani?" halisaidii, maana kila mtu atakujibu "wa aina zote". Mimi huuliza hivi: wimbo gani ukiwa unapigwa huwezi kuondoka mpaka uishe? Akiutaja, namuuliza la pili: ndani ya wimbo huo, huwa unasubiri nini? Hapo ndipo watu wanapoachana njia. Mmoja anasubiri gitaa la solo liingie. Mwingine anasubiri waitikiaji. Mwingine anasubiri mstari fulani wa maneno, akautamke pamoja na mwimbaji huku kanyoosha kidole. Jibu la swali hili la pili ndilo linalochagua albamu.

Nitoe mfano wa mzee mmoja jirani yangu. Ujanani alipiga gitaa la ridhim kwenye bendi ya dansi, na mpaka leo akisikia nyimbo za enzi zile anasubiri chemko, pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. Mtu wa namna hii ukimwanzishia na roki ya kelele umempoteza. Nilimpa albamu ya kwanza ya Dire Straits, ya mwaka 1978, iliyobeba jina la bendi yenyewe. Mark Knopfler anapiga gitaa kwa vidole vitupu, bila kile kipande cha plastiki cha kugongea nyuzi, na kila sauti unaisikia ilipoanzia na ilipokatikia. Halafu kuna wimbo wa sita, Sultans of Swing. Unasimulia bendi inayopiga jazi kwenye baa ambayo watu hawakujaa, wanamuziki ambao mmoja wao ana kazi yake nyingine mchana, na wanapiga vizuri hivyo hivyo. Nilimweleza hayo kabla hajaondoka, maana Kiingereza cha nyimbo kinapita haraka hata kwa anayekijua.

Aliporudi hakusema lolote juu ya solo, ambayo ndiyo kila mtu anaisifia. Alisema, "Mwanangu, yule wa nyuma ndiye anayebeba mzigo." Yule wa nyuma ni David Knopfler, mdogo wake Mark, aliyepiga ridhim. Albamu ile nilikuwa nimeisikiliza miaka na miaka, lakini masikio yangu yalikuwa yanakimbilia mbele siku zote. Tangu mzee aseme, nikiipiga namfuata David, na ni kweli: mkono wake hauachi pengo hata moja.

Baada ya Dire Straits, mtu wa dansi mpeleke kwenye magitaa mawili yanayoongozana. Thin Lizzy, Jailbreak, 1976: Scott Gorham na Brian Robertson wanapiga solo moja kwa pamoja, mmoja juu, mwingine chini yake kidogo, na sikio lililolelewa na gitaa la solo na la pili linalitambua jambo hilo mara moja. Kisha Tinariwen wa Mali, Aman Iman ya mwaka 2007, magitaa yanazunguka palepale, makofi na waitikiaji nyuma yake. Hapo neno roki hata usilitaje.

Anayesubiri waitikiaji, hasa mtu wa kwaya, ni wa Queen. Watu wengi hapa nchini wakimpa mtu Queen wanaanza na habari kwamba mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Ni kweli alizaliwa huko, na tuna haki ya kufurahi, ila habari hiyo haimfikishi mtu wimbo wa nne. Mpe A Night at the Opera ya mwaka 1975 na umwelekeze kwenye The Prophet's Song. Katikati ya wimbo ule vyombo vyote vinanyamaza. Mercury anabaki peke yake, na sauti yake inarudishwa kwa kuchelewa kidogo, akawa anajiitikia mwenyewe, mara mbili, mara tatu, mpaka inajaa. Studio za enzi hizo zilirekodi kwenye mkanda, hakukuwa na kompyuta ya kuzipanga sauti. Binti mmoja anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia alikisikiliza kipande hicho akiwa amesimama hapa kaunta, akaanza kuhesabu kwa vidole sauti zinavyoingia. Ripoti yake ilikuwa imeshatoka, ipo juu ya mashine, na wala hakuigusa mpaka magitaa yaliporudi.

Anayesubiri mistari, yaani mtu wa hip hop, mpe albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine, ya mwaka 1992. Zack de la Rocha anachana kuliko anavyoimba. Mpiga gitaa, Tom Morello, ambaye baba yake ni Mkenya, analifanya gitaa litoe sauti ya santuri inayokwaruzwa na dijei. Kwenye jalada waliandika wazi kwamba hawakutumia sampuli (vipande vilivyokatwa kwenye rekodi nyingine), vinanda wala sintesaiza, yaani mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, na kijana anayetengeneza biti kwenye kompyuta akiambiwa hivyo anarudia kusikiliza upya kwa makini. Ila mtahadharishe. Matusi yamo, na mwishoni mwa wimbo wa pili yanarudiwa mfululizo. Mimi siipigi kaunta saa ambazo watoto wa shule ya msingi wanapita kurudi nyumbani, na anayeishi na wazazi wake namwambia mapema atumie spika za masikioni.

Wapo pia wasiosubiri kitu mahsusi ndani ya wimbo, wanataka uzito tu. Hao ni wa Black Sabbath, na hao huwa siwaelezi muziki, nawaeleza habari ya mtu. Fundi bati mmoja anayefanya kazi Makoroboi alikuja kutoa kopi ya kitambulisho akakuta sabufa inanguruma, akauliza mbona gitaa hili zito hivi. Nikamweleza kwamba mpigaji, Tony Iommi, alikuwa kijana wa kiwanda cha bati Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa anatumia shoto, hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akaendelea kupiga. Miaka michache baadaye, kwenye Master of Reality ya mwaka 1971, akazilegeza nyuzi kwenye nyimbo kadhaa ili zisimuumize, na sauti nayo ikashuka chini, ikawa na ule uzito. Fundi aliuliza maswali mengi ya mashine kabla hajauliza hata moja la muziki. Alipomaliza aliniambia nimwekee kwenye simu. Nikampa Paranoid ya mwaka 1970 kwanza, kwa sababu nyimbo zake zinashikika haraka, na nikamwambia Master of Reality ataifuata akiwa tayari.

Mtu wa ngoma, aliyekulia kwenye bugobogobo ya Wasukuma, hana kazi kubwa: Abraxas ya Santana, 1970, au albamu ya kwanza ya Osibisa, 1971. Ngoma ziko mbele, hakuna cha kueleza. Na kama ni kundi la watu kwenye spika moja, basi Back in Black ya AC/DC, 1980. Mapigo yake yamenyooka kiasi kwamba hata ambaye hajawahi kusikia roki atatikisa kichwa.

Kikaratasi

Kila albamu ninayompa mtu huisindikiza na kikaratasi. Steshenari haikosi kopi zilizoharibika zenye upande mmoja mweupe. Nazikata robo robo na kuandika kwa kalamu. Ujumbe wa simu nao unafaa, ila unazama upesi chini ya salamu za makundi ya harusi na michango ya misiba. Karatasi inakunjwa, inawekwa nyuma ya kava la simu, inakutwa hapo wiki ijayo. Cha yule mzee kilisomeka hivi:

"Dire Straits. Uingereza, 1978. Nyimbo 9, dakika 41 hivi. Gitaa la vidole, hakuna kelele. Anza na wa 6. Ukiupenda, rudi wa 1 uende moja kwa moja. Mwimbaji anaongea kuliko kuimba, mvumilie. Wa 4 unakwenda polepole, usiuruke."

Ndani yake kuna kinachosikika, urefu, mlango wa kuingilia, na mahali patakapomsumbua. Hilo la mwisho ndilo watu wanaliacha, wakiogopa kuiharibia sifa bendi wanayoipenda. Liandike. Chukua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973. Inaanza na mapigo ya moyo na vurugu ya sauti, zaidi ya dakika moja hakuna wimbo, na wa tatu ni milio ya mashine ya sintesaiza inayokimbia tangu mwanzo mpaka mwisho. Asiyeambiwa atadhani faili limeharibika, atalifuta. Aliyeambiwa "dakika ya kwanza ni sauti tu, subiri" atasubiri.

Majina ya mafungu ya roki, griji sijui progresivu sijui nini, yaache. Yanawasaidia wenye maduka ya santuri kupanga makabati, hayamsaidii anayesikiliza kwa mara ya kwanza. Andika anachokwenda kukisikia: gitaa linakwaruza, dramu ziko mbali, mwimbaji ananong'ona kisha anapiga ukelele. Sentensi hiyo ya mwisho inatosha kabisa kwa Nevermind ya Nirvana, 1991. Na usiandike "hii hatari" wala "bendi bora ya muda wote". Ukimwambia mtu hivyo unampa kazi ya kukubaliana nawe, naye atakubali kwa heshima bila kuwa amesikia kitu.

Faili, flashi na sabufa

Mambo ya mikono sasa, na tafadhali usiyadharau, maana albamu nyingi zinafia hapa.

Kwanza namba. Kila faili lianze na 01, 02, 03, halafu jina. Simu nyingi hupanga kwa jina la faili. Sabufa za bei nafuu, hizi tunazochomeka flashi mbele, nyingi husoma nyimbo kwa jinsi zilivyoingizwa, hata ukiziandika namba. Kwa hiyo kwenye flashi ya sabufa nakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu, wa kwanza kwanza. Inachukua dakika chache tu. Kisha mwambie azime kitufe cha kuchanganya nyimbo. Dark Side nyimbo zake zimeunganishwa, mmoja unaingia ndani ya mwingine. Ukizichanganya unasikia vipande vilivyokatwa shingoni.

Pili, ondoa nyongeza. Albamu za zamani zikitolewa upya hubandikwa mwishoni nyimbo za majaribio, rekodi za jukwaani, wimbo uleule kwa mara ya pili. Hizo ni za sisi tulioshaipenda. Mgeni mpe albamu inayoishia pale ilipoishia mwaka ule ilipotoka.

Tatu, mwonyeshe pa kupumzikia. Santuri kubwa ilikuwa na pande mbili, kila upande dakika ishirini au zaidi kidogo, na wanamuziki walipanga nyimbo wakijua kwamba katikati msikilizaji atainuka kuigeuza. Ndiyo sababu Sultans of Swing ni wa sita: ulikuwa wa kwanza upande wa pili. Kwenye faili za simu mpaka huo haupo, kwa hiyo nauweka mimi kwenye kikaratasi, mstari tu chini ya namba ya wimbo. Kwa mtu asiyezoea kukaa na muziki mmoja muda mrefu, upande mmoja kwa siku unatosha. Ni kama safari ya daladala kutoka Nyegezi hadi mjini, foleni isipokuwa mbaya. Anayepanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ana muda wa pande zote mbili na kurudia.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu kabla ya kumtumia mtu. Albamu ya dakika 43 kwa ubora wa chini, ule wa kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama megabaiti 41. Kwa kilobiti 320 inafika 103. Kwa mwenye bando la siku huo ni mzigo, na ataahirisha kuipakua mpaka asahau. Akiwa karibu, mrushie kwa bluetooth, au mpe memori kadi aichomeke. Hakuna unyonge katika njia hiyo. Mdou Moctar wa Niger, aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza akitumia nyaya za baiskeli, nyimbo zake za mwanzo zilisambaa kusini mwa Sahara hivyo hivyo, simu kwa simu, kadi kwa kadi, kabla dunia haijamjua. Albamu yake Afrique Victime ya mwaka 2021 sasa iko kila mahali. Ila hapo nina msimamo: bendi kama zake, ambazo bado zinahangaika na zinauza kazi zao zenyewe mtandaoni, ukizipenda zinunue. Mimi siuzi nyimbo za watu, na nikimpa mtu albamu ya namna hiyo namwambia na pa kuinunua.

Mwisho wa mambo ya mikono ni besi. Sabufa zetu zinatoka dukani zikiwa zimepandishwa besi kwa ajili ya singeli na bongo fleva. Gitaa la roki linakaa katikati ya sauti, si chini, na besi ikizidi inalifunika kabisa. Unabaki na mvumo na kelele za sahani za dramu. Shusha kitasa cha besi chini ya nusu, pandisha kidogo cha juu, ndipo uanze. Nimeona watu wakibadilisha mawazo juu ya bendi nzima kwa kugeuza kitasa kile tu. Spika ya simu peke yake nayo haifai kwa Sabbath wala kwa Led Zeppelin. Kwenye wimbo wa mwisho wa albamu ya nne ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, dramu za John Bonham zilirekodiwa kwenye ukumbi wa ngazi wa nyumba ya zamani huko Uingereza, maikrofoni zikiwa zimening'inizwa juu, na ukumbi ule wote unasikika. Kwenye spika ya simu unasikia mtu anagonga kopo.

Watakaokukatalia

Utakutana na anayesema roki ni muziki wa shetani. Usibishane naye na usimcheke. Anasema alichofundishwa na watu anaowaheshimu. Kama nyumbani kwao imekatazwa, usimpe kitu cha kuficha. Ila kama anauliza kwa nia ya kujua, yapo ya kumwambia. Sister Rosetta Tharpe alikulia kanisani, akaimba injili maisha yake yote, na mwaka 1944, kabla Elvis Presley hajarekodi wimbo hata mmoja, alikuwa tayari amerekodi Strange Things Happening Every Day akiwa na gitaa la umeme. Mpe huo. Na hao Black Sabbath wenye jina la kutisha, ndani ya Master of Reality wana wimbo unaoitwa After Forever, unaomkemea anayeona haya kumwamini Mungu mbele za rafiki zake. Maneno yake aliandika Geezer Butler, mpiga besi aliyelelewa Mkatoliki. Mwanachuo mmoja niliyemchapia maneno ya wimbo huo aliyasoma mara mbili, akaondoka nayo.

Mwingine atasema roki ni ya wazungu. Huyu nampenda, kwa sababu jibu lake ni tamu. Waanzilishi walikuwa Wamarekani weusi, akina Chuck Berry na Little Richard. Jimi Hendrix naye alikuwa mweusi: Are You Experienced, 1967. Phil Lynott, kiongozi wa Thin Lizzy, alikuwa mtoto wa mama wa Ireland na baba mweusi kutoka Guyana. Lakini jibu kubwa liko jirani kabisa, Zambia. Miaka ya 1970 serikali ya Kenneth Kaunda ilitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia wenyewe, na vijana, wengi wao wa miji ya migodi ya shaba, walishika magitaa yenye mkwaruzo mzito na kutengeneza roki yao. Anza na WITCH, wakiongozwa na Emmanuel Chanda aliyejulikana kwa jina la Jagari: Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Halafu Amanaz, Africa, mwaka uleule, iliyo na huzuni zaidi na magitaa yanayotambaa. Kisha Ngozi Family. Rekodi hizo zilikaa gizani miaka mingi mpaka zilipochapishwa upya, na WITCH wakarudi studio, wakatoa Zango mwaka 2023. Ukimpa mtu Lazy Bones!! usimwambie inatoka wapi. Acha asikie nyimbo mbili tatu, ndipo umwambie ni watu wa hapo kusini mwa Mbeya.

Anayesema ni kelele tu, mwache. Kuna masikio ambayo roki si yake na hakuna ubaya.

Akirudi

Usimuulize "umeipenda?" Watu wa huku ni waungwana, watakujibu "nzuri sana dada, nimeipenda," na hapo mazungumzo yamekwisha. Muulize "ulisimama wapi?" Karibu kila mtu anasimama mahali. Muulize pia ni wimbo upi aliurudia. Mahali aliposimama na wimbo aliourudia ndivyo vinavyokuchagulia albamu inayofuata, na usibadilishe vitu vingi kwa mara moja. Kama alirudia Iron Man kwenye Paranoid, mpeleke Master of Puppets ya Metallica, 1986: uzito uleule, mwendo umeongezeka. Akiimaliza hiyo na bado anataka zaidi, ndipo umpe Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao Kampala mwaka 2020, kelele kali iliyochanganywa na mashine. Ukimpa Duma wa kwanza hatakurudia tena. Akiipata baada ya kupita ngazi zote atakushukuru.

Kama hakurudi kabisa, usimfuate na nyingine. Mpe salamu zake, mchapie kazi zake, subiri aulize mwenyewe.

Naye akikuletea muziki wake, uupokee kwa utaratibu uleule: mzima, kwa mpangilio, mpaka mwisho, hata kama ni wa aina usiyoifuata. Yule mzee wa ridhim, baada ya Thin Lizzy, aliniuliza kama nawajua Sunburst. Nilikuwa siwajui. Ni bendi iliyoanzia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikachanganya dansi, sol na roki, ikaimba Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 1976 ikatoa albamu iitwayo Ave Africa. Rekodi zao zote zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016, kwa hiyo zinapatikana. Mzee aliikumbuka tangu enzi za kuisikia redioni. Tuliisikiliza pamoja hapa dukani jioni moja baada ya kufunga, yeye akiwa ameshika ufagio wangu akibana nyuzi ambazo hazipo, akinionyesha pale ridhim inapobadilika.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia roki haimwingii kwa sababu ya Kiingereza, nampa hiyo. Kikaratasi chake kinasema: "Sunburst. Dar es Salaam, 1976. Kiswahili kimo. Gitaa linakwaruza, ngoma hazitulii. Shusha besi. Ukimaliza nirudishie flashi, na uniambie ulisimama wapi."